Dole Gumba la Anselm

Mstari ulikuwa mwembamba kama unywele. Ulipita katikati ya alama ya dole gumba, kwenye kona ya chini ya karatasi. Wino ulikuwa wa buluu iliyokolea, lakini pale penye mstari karatasi ilibaki nyeupe.

Pelagia aliuona mstari huo kabla hajasoma neno hata moja. Aliujua. Baba yake mkubwa, Anselm, alijikata dole gumba kwa tezo miaka mingi nyuma, alipokuwa akichonga mzinga wa nyuki. Kidonda kilipona, kovu likabaki. Kila mtoto wa nyumba ile aliyewahi kushikwa mkono na Anselm alilijua kovu lile.

Sasa Anselm alikuwa amekufa. Alianguka kutoka juu ya mti wa mninga akitundika mzinga. Akalala siku mbili bila kusema, siku ya tatu akakata roho. Na siku hii, Pelagia alipoishika ile karatasi, ilikuwa siku ya kuondoa matanga.

Watu walijaa uani. Kijiji chao kiliitwa Itobela. Kilikuwa magharibi ya Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara. Dionis, baba yake Pelagia, alikuwa ameketi juu ya kigoda cha marehemu kaka yake. Bibi Minza, mama yao, alimwekea gobori mapajani. Gobori lile lilikuwa la mume wake, mzee Shilinde. Shilinde alilipata pwani kwa kubeba pembe za ndovu, akarudi nalo kwa miguu hadi Itobela. Alipokufa lilikwenda kwa Anselm. Leo lilikuwa la Dionis.

"Anselm hakufa," alisema Bibi Minza. Machozi yalimtiririka, lakini alitabasamu. "Huyu hapa. Anselm mwanangu, karibu nyumbani."

Watu wakapiga makofi. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao. Mrithi alirithi kigoda, silaha, mizinga na jina. Tangu siku ile watu wa Itobela wangemwita Dionis kwa jina la Anselm.

Mwanangwa alikuwepo. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kijiji chini ya Mtemi. Akauliza, "Na karatasi ya gobori ipo?"

"Ipo," alijibu Dionis. Alifungua kopo la bati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Pelagia! Njoo, mama. Wewe ndiye uliyefika darasa la tatu. Tusomee."

Pelagia akasogea. Alikuwa na umri wa miaka kumi na sita, lakini mbele ya watu alikuwa kama wa miaka sita. Kusoma alikujua. Kusoma kwa sauti ndiko kulikomshinda. Shuleni kwa mapadri, mwalimu akimsimamisha, koo lilikauka na wenzake walicheka. Mama yake, Imakulata, alipougua, Pelagia alibaki nyumbani kumwuguza. Mama alipona, lakini shule hakurudi. Wala hakuililia.

"Imeandikwa... Anselm Shilinde," alisema.

"Paza sauti, binti!" shangazi yake Apolinaria alimkemea. "Au maneno umeyakopa?"

Watu wakacheka.

"Anselm Shilinde."

"Basi!" alisema mwanangwa. "Jina ni hilo, na Anselm ndiye huyu. Mambo yamekwisha. Kunja."

Lakini macho ya Pelagia yalikuwa yameshuka chini zaidi. Chini ya jina palikuwa na mwaka: 1953. Na sasa ulikuwa mwaka 1955. Chini ya mwaka palikuwa na maneno madogo ya Kiswahili: *Leseni hii ni ya mtu huyu peke yake.* Chini kabisa lilikuwepo lile dole gumba lenye kovu.

Alifungua mdomo. Akamwona shangazi Apolinaria anamtazama, meno yakiwa tayari kwa kicheko. Akaufunga. Akaikunja karatasi mara nne, kama alivyoikuta.

*

Mvua za mwaka ule zilikatika mapema. Mtama ulitoa masuke mepesi. Watu walikula ugali wa muhogo kwa mlenda, mchana mlenda, jioni mlenda. Bibi Minza akaanza kukataa chakula. Mikono yake ikawa kama vijiti vya kuwashia moto.

"Anselm," alimwambia Dionis, "koo langu limechoka na majani. Niletee nyama ya porini. Ninywe mchuzi, ndipo nimfuate baba yako."

"Huendi popote, mama," alijibu Dionis. "Kesho utakunywa mchuzi hadi utoke jasho."

Pelagia alikuwa anafagia. Alisikia yote. Alilitazama kopo la bati pale juu ya boriti. Akawaza, "Nimwambie." Halafu akawaza, "Nitasema nini? Kwamba yeye si Anselm? Mbele ya bibi?" Akaendelea kufagia mahali ambapo palikuwa pamekwisha kuwa safi.

Nyuma ya shamba lao la karanga ndipo ilipopita njia ya misafara. Zamani mapagazi walipita hapo kwenda Ujiji na kurudi. Sasa ilikuwa njia nyembamba ya majani makavu. Miaka michache nyuma watu wa Bwana Misitu, afisa wa misitu, walifika. Waliipaka rangi nyekundu miti ya upande wa kusini wa njia. Wakasema huko ni msitu wa hifadhi wa serikali, mtu asiingie bila kibali. Wanakijiji walisikia, wakainamia majembe yao. Miti ilikuwa ile ile. Mizinga ya Anselm ilikuwa huko huko, imetundikwa tangu rangi haijaja.

Asubuhi ile Pelagia alikuwa anang'oa karanga aliposikia mlio. Ulikuwa mlio mzito, wa kukohoa. Alijua ni gobori la babu yake. Alijua pia kwamba ulitoka upande wa kusini.

Jua lilipopanda, watu wawili walitokea kati ya miti yenye rangi. Mbele alikuja baba yake, amebeba paja la kongoni begani. Nyuma alikuja mwanamume mrefu mwenye kaptura ya kaki. Mikononi alikuwa na gobori. Huyo alikuwa Yoramu, askari wa msitu, mtu wa Sikonge.

"Nimekwambia ninayo karatasi," Dionis alikuwa akisema. "Mimi si mwizi. Pelagia! Kimbia nyumbani, lete lile kopo."

Pelagia alikimbia. Aliporudi alimkuta na jirani yao Masolwa, amesimama kati ya matuta, ameegemea jembe.

"Haya, isome mwenyewe," alisema Dionis. "Anselm Shilinde, mwenye gobori."

Yoramu aliisoma polepole, tangu juu hadi chini. "Na wewe ndiye Anselm Shilinde?"

"Ndimi."

"Muulize yeyote," Masolwa alidakia. "Waulize hata mbwa wa Itobela. Huyu ni Anselm. Au asali ya Sikonge imekwisha hata mje kulinda ya kwetu?"

Yoramu aliokota kipande cha mkaa kwenye kisiki kilichoungua. Alikisaga kiganjani, akatia maji kidogo kutoka kwenye kibuyu chake. "Nipe dole gumba la kulia, mzee wangu."

Alilipaka masizi, akaligandamiza kwenye ukurasa wa daftari lake. Kisha akaziweka alama mbili pamoja, ile ya leseni na hii mpya.

Pelagia hakuwa na haja ya kusogea.

"Mwenye leseni hii ana kovu," alisema Yoramu. "Wewe huna. Nakuuliza tena kwa heshima. Wewe ni nani?"

"Anselm alikuwa kaka yangu. Amekufa. Nimekalia kigoda chake. Mimi ndiye Anselm."

Yoramu akashusha pumzi. "Nakuelewa. Baba yangu naye alirithi jina. Lakini bomani hawatakuelewa hivyo. Wao wataona mtu mwenye leseni ya marehemu, tena imekwisha muda. Amempiga kongoni bila leseni ya kuwindia. Ameingia msitu wa hifadhi bila kibali. Na ukizidi kusema wewe ni Anselm, watasema umedanganya jina."

"Basi niachie, kijana wangu. Mama yangu anangoja mchuzi."

Yoramu aliutazama msitu. "Bwana Misitu yuko kambini leo. Mlio ameusikia, na yeye ndiye aliyenituma. Ingekuwa jana..."

Paja la kongoni lilichukuliwa kuwa ushahidi. Siku ile Bibi Minza alikula mlenda.

*

Kesi ilisikilizwa Tabora. Imakulata na Pelagia walitembea tangu alfajiri. Wakaketi kwenye benchi la nyuma, miguu ikiwa na vumbi hadi magotini.

Dionis alieleza yote: kigoda, matanga, jina. Hakimu alimsikiliza. Kisha akaiinua ile karatasi.

"Hapa pameandikwa kwamba leseni ni ya mtu huyu peke yake. Pameandikwa kwa Kiswahili. Nyumbani kwenu hakuna mtu anayejua kusoma?"

Dionis aligeuka. Macho yake yalitembea juu ya watu hadi yakamfikia Pelagia. Baba yake akageuka tena mbele.

"Hakuna, bwana," alisema.

Alifungwa miezi mitatu. Gobori la Shilinde likachukuliwa na serikali, lisirudi tena.

Walipopewa nafasi ya kumuaga, Imakulata alimuuliza mumewe kwa sauti ya chini, "Kwa nini ulisema hakuna msomaji?"

"Ningemsimamisha mtoto mbele ya watu wote wale?" alijibu Dionis. "Angezimia. Tena yeye alituambia jina tu. Jina lilikuwa sahihi."

Pelagia alisikia. Njiani kurudi alitembea nyuma ya mama yake. Maneno yalikuwa yamemjaa kifuani kama mahindi ndani ya gunia, na mdomo wa gunia umeshonwa.

*

"Anselm yuko wapi?" Bibi Minza aliuliza kila asubuhi.

"Yuko msituni, anarina asali," walimjibu.

"Msimu wa asali haujafika."

Hata akiwa mgonjwa, msimu wa asali aliujua.

Mwezi wa pili wa kifungo, Bibi Minza alimwita Pelagia karibu na kitanda. "Mjukuu wangu, wewe husemi sana. Kwa hiyo wewe hudanganyi. Anselm amekufa mara ya pili, sivyo?"

Pelagia alitikisa kichwa kukataa. Alitaka kusema zaidi. Alisema, "Hapana, bibi," basi.

Bibi Minza aliugeukia ukuta. Siku ya nne alifariki. Dionis hakuwepo kumzika mama yake.

Siku ya mazishi Yoramu alikuja. Alivua kofia, akaketi mbali, mwisho kabisa wa wanaume. Wanawake walinong'ona.

"Ana uso gani huyu?" alisema shangazi Apolinaria. "Amekuja kuhesabu vidole vya maiti?"

"Amekuja kuzika," alisema Imakulata. "Pelagia, mpelekee maji."

Pelagia alimpelekea. Yoramu aliyapokea kwa mikono miwili. "Pole sana, dada," alisema.

Baada ya mazishi Masolwa alimsogelea Yoramu, kifua mbele. "Niambie kitu kimoja, wewe mtu wa Sikonge. Njia hii babu zetu waliifungua kwa nyayo zao. Leo upande huu ni wetu, upande ule si wetu. Nani alikwenda kuzungumza na miti?"

"Mpaka sikuuchora mimi, mzee Masolwa," Yoramu alisema. "Mimi mwenyewe mizinga ya baba yangu iko ndani ya msitu wa hifadhi kule kwetu. Lakini mpaka upo. Na nimewaona watu wanaouvuka bila karatasi wanavyorudi. Wengine hawarudi kuwazika mama zao."

Masolwa akakaa chini.

"Na wazungu je?" aliuliza, sauti ikiwa imepungua. "Jumapili wanakuja na magari. Wanapiga kanga, wanakula chini ya miti, wanacheka."

"Nao wanachukua kibali. Mwezi uliopita alikuja mmoja na mkewe, na mbwa, na kapu la chakula. Kutembea tu na kupiga kanga. Nikamwomba kibali."

"Akakufanyaje?"

"Akanitukana hadi mbwa akaona haya. Kisha akaenda mjini kukichukua."

Masolwa alitaka kucheka, akakumbuka yuko msibani.

Imakulata alisogea. "Tueleze basi," alisema. "Mume wangu hakuwa mkaidi. Hakujua. Tungefanya nini?"

Yoramu aliokota majani matatu makavu, akayaweka juu ya mchanga.

"Mama, karatasi ziko za namna tatu, na kila moja ina kazi yake. Jani hili ni leseni ya bunduki. Inasema silaha hii iko mikononi mwa fulani. Haikuruhusu kuua hata njiwa. Jani hili ni leseni ya kuwindia. Hiyo hutolewa na watu wa Bwana Nyama, afisa wa wanyama wa porini. Inataja mnyama gani na wangapi. Wako wanyama wasioruhusiwa kabisa, na huwezi kuwajua mpaka uulize. Jani la tatu ni kibali cha msitu. Ukitaka kuingia hifadhini kurina asali, kuwinda, hata kutembea tu kwa raha zako, unakiomba kwa Bwana Misitu. Mtu anaweza kuwa na mbili, akafungwa kwa kukosa ya tatu."

"Na zikiisha mwaka?" aliuliza Imakulata.

"Unaomba upya. Leseni iliyokwisha muda ni karatasi ya kuwashia moto."

"Na mwenyewe akifa?"

Yoramu aliyapangusa majani yote matatu kwa kiganja. "Zimekufa naye. Jina mtarithishana, na hiyo ni desturi njema, sisemi kitu. Dole gumba halirithiwi. Silaha inapelekwa bomani, inatunzwa huko. Mrithi anaomba leseni kwa jina alilobatizwa au alilopewa na baba yake. Akiipata, anakabidhiwa silaha."

Masolwa alikuwa ametulia kupita kawaida. Kila mtu pale alijua kwamba baba yake Masolwa alikufa mwaka uliopita. Wachache walijua kwamba gobori lake lilikuwa ndani ya kihenge, chini ya mtama.

"Tuseme yuko mtu," alianza Masolwa. "Simsemi mtu. Yuko mtu ana gobori la marehemu. Akilipeleka mwenyewe hawatamkamata?"

"Huyo mtu," alisema Yoramu bila kumtazama, "aende kwanza kwa mwanangwa, apewe barua. Alitoe baruti. Alibebe mchana, njia kuu, akiwa na barua mkononi. Mimi nitamsindikiza hadi mlangoni. Atakayelileta mwenyewe na atakayekutwa nalo hawapokelewi sawa."

"Nitamwambia," alisema Masolwa.

Jumatatu Masolwa alionekana akipita na gobori begani, barua mkononi, Yoramu ubavuni. Baada ya wiki tano alirudi nalo. Karatasi ilikuwa na jina lake mwenyewe na alama ya dole gumba lake mwenyewe.

*

Dionis alitoka gerezani siku ya mawingu yasiyo na mvua. Alikuwa amekonda. Jambo la kwanza aliloliendea ni kaburi la mama yake. Alikaa hapo hadi kivuli kikawa kirefu. Hakulia mbele ya watu.

Kesho yake alimkuta Masolwa anasafisha gobori uani kwake. Masolwa alisimama upesi, akaona haya.

"Usilifiche, jirani," alisema Dionis. "Umefanya vizuri." Aliligusa lile gobori kidogo kwa ncha za vidole, kisha akaondoka.

Baada ya wiki moja akamwambia mkewe, "Mizinga bado iko kule. Arobaini na mbili. Msimu wa asali unakuja. Sitaingia kama mwizi, wala sitaiacha ioze."

Alichukua barua ya mwanangwa. Akamchukua na Pelagia. Walifika Tabora, ofisi ya misitu, wakasubiri kwenye baraza pamoja na warina asali wengine. Yoramu alikuwepo siku hiyo, ameleta taarifa. Aliwaona, akawapeleka kwa karani, mzee mmoja aliyeitwa Nassibu.

"Shikamoo," alisema Pelagia kwa sauti isiyosikika vizuri.

"Marahaba, binti. Haya, mzee. Unaomba nini?"

"Kibali cha kuingia msitu wa hifadhi. Kurina asali. Sina bunduki."

"Jina?"

Nassibu alisubiri, kalamu juu ya karatasi. Pelagia alimtazama baba yake. Aliona mdomo wake unafunguka na kufungika, kama wake mwenyewe ulivyofanya siku ya matanga. Mtu wa mwisho kumwita Anselm kwa moyo wote alikuwa amelala chini ya udongo.

"Dionis," alisema baba yake. "Dionis Shilinde."

"Vizuri. Masharti ni haya. Usikate mti mbichi. Usiache moto ukiwaka. Usimpe mtu mwingine kibali hiki, hata ndugu. Kina mwisho, na mwisho wake umeandikwa hapa. Tia dole gumba."

Dionis alilitia kwenye wino, akaligandamiza. Alama ilitoka kamili, bila mstari wowote.

*

Msimu ule asali ilikuwa nyingi, kwa sababu nyuki walikuwa hawajasumbuliwa. Dionis aliingia kupita miti yenye rangi nyekundu, mchana, kibali kikiwa ndani ya kopo la bati lililofungwa kiunoni. Mara mbili Yoramu alimkuta huko. Mara ya kwanza aliomba kibali, akakisoma, akakirudisha. Mara ya pili hakukiomba, Dionis akamlazimisha akisome.

"Usijizoeze uvivu," alimwambia. Yoramu akacheka, akapewa sega la asali.

Asali ilipokwisha kukamuliwa, Dionis aliwaita majirani. Masolwa alikuja, na mwanangwa, na shangazi Apolinaria. Sasa wengi wa Itobela walikuwa wakitafuta karatasi zao, na wengi walizileta kwa Pelagia awasomee. Aliwasomea mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, nyuma ya nyumba. Mbele ya watu alikuwa hajasoma tena tangu matanga.

Uani palikuwa pale pale. Kigoda kilikuwa kile kile. Gobori halikuwepo, na mahali pa Bibi Minza hakuna aliyepakalia.

Dionis alifungua kopo. "Pelagia, njoo mama. Tusomee kibali, watu wasikie masharti. Kisome chote. Usiishie kwenye jina."

Pelagia alisimama. Koo lilikauka, kama siku zote. Alisoma. Alisoma jina la baba yake. Alisoma mwaka na mwezi wa mwisho. Alisoma habari ya miti mibichi na habari ya moto. Sauti yake ilifika hadi uzioni.

"Kumbe sauti unayo!" alisema shangazi Apolinaria. Safari hii hakuna aliyecheka.

"*Kibali hiki ni cha mtu huyu peke yake*," Pelagia alisoma. Akaishia hapo, lakini hakuikunja karatasi.

"Ndiyo mwisho?" aliuliza Dionis.

"Karatasi imekwisha, baba. Mimi bado."

Watu walimtazama. Alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Akautazama uso wa baba yake uliokonda, akasema:

"Maneno haya yalikuwepo kwenye leseni ya baba mkubwa. Niliyasoma siku ya matanga, hapa hapa niliposimama. Mwaka niliuona. Kovu nililiona. Baba, nilijua, nikanyamaza."